Usihesabu Miti: Kuchagua kati ya Mori, Hayashi na Yama

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa Kijapani na wafasiri wenzangu, habari za mchana. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Mada niliyopewa ukiisikia haraka utadhani inamalizwa kwa dakika mbili. Msitu kwa Kijapani unaitwaje? Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza atanyosha mkono: mori. Wa mwaka wa pili atamsahihisha: mkubwa ni mori, mdogo ni hayashi. Na ushahidi anao, atauandika ubaoni. Herufi ya mti ni 木. Panga miti miwili ubavu kwa ubavu, 林, hiyo hayashi. Panga mitatu, mmoja juu na miwili chini, 森, hiyo mori. Miwili ni michache, mitatu ni mingi, kesi imekwisha.

Kesi haijaisha, na leo nataka tuifufue. Kanuni hii ya kuhesabu miti imo hata kwenye vitabu vya watoto wa shule kule Japani, na kwa kukumbuka herufi inasaidia sana. Kwa kuchagua neno haifai.

Tuanze na majina ya watu, maana hayo mnayajua. Kuna ukoo wa Kobayashi, yaani hayashi ndogo. Kuna pia Obayashi, hayashi kubwa. Kuna Omori, mori kubwa, na kuna Komori, mori ndogo. Kama hayashi kwa asili yake ni ndogo, huyu Obayashi tumweke wapi? Halafu tazameni maneno ya kitaalamu. Misitu ya mvua ya Congo na Amazon, ambayo mtu anaweza kutembea siku nyingi bila kuona mwisho wake, kwa Kijapani ni nettai urin, 熱帯雨林. Herufi ya mwisho ni ile ya miti miwili, hapa ikisomwa rin kwa matamshi yake ya Kichina. Msitu usioguswa na shoka tangu enzi na enzi ni genseirin. Miti miwili tena. Msitu wa kukinga upepo kando ya mashamba ya Hokkaido ni bofurin, miti miwili. Herufi ya miti mitatu, kwa matamshi yake ya Kichina "shin", karibu haina kazi ya kuunda maneno ya misitu isipokuwa kwenye neno moja, shinrin (msitu kwa lugha rasmi), ambako imeshikana mkono na mwenzake. Kwingineko utaikuta mahali kama shinkan, ukimya uliotanda mpaka unasikia masikio yako mwenyewe. Na hiyo ndiyo kazi yake ya zamani. Kule China herufi 森 ilikuwa inaeleza hali, ile ya miti kusongamana na kutia giza. Wajapani ndio walioichukua wakaivisha neno lao la kale, mori.

Kwa hiyo tuachane na hesabu. Swali ninalotaka mjiulize kila mnapokutana na msitu katika maandishi ni jingine: miti hii inamtumikia mtu, au ina maisha yake?

Neno hayashi linahusishwa na kitenzi hayasu, kuotesha au kuachia kitu kiote, kama mtu anavyoachia ndevu. Mori linahusishwa na moru, kurundika, kitu kilichoinuka kikavimba. Asili za maneno ni za kupokelewa kwa tahadhari, kwani watu hupenda kuzitunga baada ya tukio. Hata hivyo hii ya mori ina shahidi wake ardhini: kaskazini mwa Japani na kule kisiwa cha Shikoku kuna milima mizima inayoitwa mori. Kamegamori, mkoani Ehime, una zaidi ya mita 1,800 na kileleni ni nyasi fupi za mianzi. Mtu aliyeuita mori hakuwa anahesabu miti. Alikuwa anatazama kitu kilichovimba mbele ya mbingu.

Na kuna ushahidi wa zamani zaidi. Katika Man'yoshu, mkusanyo wa mashairi wa karne ya 8, kuna mahali ambapo herufi za hekalu la miungu zinasomwa mori. Mahali pa miungu palikuwa penye miti, na penye miti ya namna hiyo hapakuguswa. Mpaka leo karibu kila kijiji cha zamani kina chinju no mori yake, kisehemu cha miti mirefu kinachozunguka hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani. Mara nyingi ni kidogo kuliko uwanja wa mpira, kimezungukwa na mashamba ya mpunga, na bado ni mori. Huwezi kukiita hayashi bila mwenyeji kukukazia macho. Wengine hukiandika kwa herufi nyingine, 杜, inayosomwa mori vilevile, ili msomaji ajue kuwa hapa kuna heshima au kuna historia. Jiji la Sendai limeichagua herufi hiyo kwa lakabu yake, Mori no Miyako, yaani mji wa mori, na wenyewe wataeleza kwamba miti yao si pori lililowakuta, ni miti iliyopandwa na kulelewa kwenye viwanja vya nyumba tangu enzi za Date Masamune, mtawala aliyelianzisha jiji hilo.

Hapo najua kuna mtu ataniwekea mguu: kama imepandwa na watu, kwa nini isiwe hayashi? Swali zuri, na jibu lake liko Tokyo.

Ukishuka stesheni ya Harajuku, upande mmoja kuna maduka ya nguo na makelele ya vijana, upande wa pili kuna ukuta wa miti. Ni Meiji Jingu, hekalu la kumbukumbu ya Mfalme Meiji, lililozinduliwa mwaka 1920. Hekta kama 70 za kivuli kizito katikati ya jiji. Mgeni hudhani wajenzi walibakiza kipande cha msitu wa kale. Sivyo. Sehemu kubwa ilikuwa mashamba, nyasi na majimaji. Miti kama 100,000 ilitolewa na watu kutoka pembe zote za nchi, ikaletwa kwa treni na mikokoteni, na vijana wa kujitolea wakaipanda.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Okuma Shigenobu, alitaka sugi. Sugi ni ule mti wa mbao ulionyooka kama mlingoti, unaoonekana kwenye mahekalu ya Ise na Nikko, na kwa macho yake hekalu lisilo na sugi lilikuwa halina hadhi. Wataalamu wa misitu, Honda Seiroku na wanafunzi wake Hongo Takanori na Uehara Keiji, wakamkatalia. Udongo wa Tokyo na moshi wa treni na viwanda vingeudhoofisha sugi. Wao walitaka miti ya majani mapana isiyopukutika: kashi, shii, kusu. Wakachora mpango wa hatua nne. Kwanza misindano iliyokuwa tayari mirefu isimame juu na kulipa hekalu sura ya heshima. Chini yake miti mingine ya mbao ikue taratibu. Chini kabisa ile ya majani mapana isubiri zamu. Misindano ife, ya kati ipitwe, na baada ya karne moja au moja na nusu miti ya chini itawale na kujizalia watoto bila kupandiwa tena. Waliopanga walijua hawatauona mwisho wake.

Na sasa kitu kidogo ambacho kwangu ndicho kinachomaliza ubishi. Asubuhi mapema wafagiaji wa hekalu hupita kwenye njia pana ya changarawe na mafagio marefu kuliko wao. Majani waliyoyafagia hawayachomi wala hawayapeleki jalalani. Wanayarudisha miguuni mwa miti. Tangu mwanzo ilikatazwa kutoa chochote humo ndani, hata jani. Mti ukianguka na kuziba njia, unakatwa, unasogezwa, unaachwa uoze palepale.

Kwenye fomu ya serikali msitu huu ungeweza kuandikwa jinkorin, msitu uliotengenezwa na mtu, na fomu isingekosea. Lakini hakuna anayesema Meiji Jingu no hayashi. Watu waliipanda kisha wakajitoa. Haimpi mtu kuni, haimpi mbao, haimpi hata mboji. Ndiyo mori.

Pindueni sasa upande wa pili. Karibu theluthi mbili za ardhi ya Japani ni misitu, na kama asilimia 40 ya misitu hiyo ni ya kupandwa, hasa sugi na hinoki, mti mwingine wa mbao, iliyopandwa kwa wingi baada ya vita, miaka ya 1950 na 1960, nchi ilipokuwa na njaa ya mbao. Ukipita kwa basi milimani Mie au Nara utaona mlima baada ya mlima, safu kwa safu, miti ya umri mmoja. Ni mikubwa, haina mwisho, ina giza. Mwenyeji anaiita sugibayashi. Ipo mbao itoke. (Mbao za nje zilipokuwa rahisi, miti mingi haikukatwa, na sasa kila mwanzo wa masika inamwaga chavua ambayo inawatoa machozi mamilioni ya watu. Muulizeni Mjapani yeyote aliyevaa barakoa mwezi Machi.) Kanuni inayofuata hapa ni nyepesi na haiwaangushi mara nyingi: ukitaja aina moja ya mti, mwishoni weka bayashi, ambayo ni hayashi ileile iliyobadilika sauti. Sugibayashi, matsubayashi ya misindano, takebayashi ya mianzi. Ila miti iliyopangwa mstari kando ya barabara, kama ile sugi maarufu ya Nikko, si hayashi wala mori. Ni namiki, basi.

Mianzi ina mtego wake. Ile iliyotunzwa, ikapunguzwa, mwanga ukapita, ni takebayashi, au kwa matamshi ya heshima chikurin, kama njia ya watalii ya Sagano, Kyoto. Mianzi ileile ikiachwa miaka kadhaa bila mtu, ikajifunga, mikavu ikaangukia mibichi, inakuwa takeyabu. Yabu ni kichaka kilichokosa mwenyewe. Mti ni uleule, mahali ni palepale. Kilichobadilika ni mkono wa mtu.

Kuna na zokibayashi, ambayo mimi huipenda kuliko zote, ingawa jina lake ni la dharau. Zoki ni miti ya hovyohovyo, isiyofaa mbao. Kumbe ndiyo iliyowapikia Wajapani chakula kwa karne nyingi. Ni konara na kunugi, jamii ya mwaloni. Mkulima anakata baada ya miaka 15 au 20, anachoma mkaa, kisiki kinachipua chenyewe, na mzunguko unaanza upya. Majani makavu anayakwangua wakati wa baridi kwa reki ya mianzi na kuyageuza mboji. Kwenye uwanda wa Musashino, karibu na Tokyo, wakulima wa Saitama wanafanya hivyo mpaka leo kwenye viwanja vilivyopimwa mwishoni mwa karne ya 17, na mwaka 2023 utaratibu wao uliingizwa kwenye orodha ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ya urithi wa kilimo duniani. Watoto huijua zokibayashi kwa sababu nyingine: utomvu wa kunugi huwavuta kabutomushi, mbawakawa wenye pembe, na likizo ya Julai haijakamilika bila kuwasaka alfajiri.

Wale wakulima wa Musashino msituni kwao wanakuitaje? Wanasema yama. Mlima. Na hapo ni tambarare, hakuna hata kichuguu.

Hili ndilo neno linalowaponyoka wafasiri kuliko yote, kwa sababu kamusi inasema yama ni mlima na mfasiri anaridhika. Ngano ya Momotaro inaanza na babu na bibi: bibi anakwenda mtoni kufua, babu anakwenda yama kukata kuni. Nimesoma tafsiri za Kiswahili ambamo mzee wa watu anapandishwa mlimani. Hajapanda popote! Amekwenda porini nyuma ya nyumba kuokota vijiti. Yama ni neno la mwenyeji, la mtu ambaye msitu kwake ni mahali pa kazi. Fundi wa misitu akiaga asubuhi anasema anakwenda yama. Hasemi anakwenda mori, labda kama ana mpango wa kuandika mashairi.

Enzi za watawala wa Tokugawa (karne ya 17 hadi ya 19), kule Kiso, bonde la milimani katikati ya Japani, misitu iliyofungwa isikatwe iliitwa tomeyama, milima iliyozuiwa. Msemo wa huko ulikuwa wa kutisha: ki ippon, kubi hitotsu, mti mmoja, kichwa kimoja. Na misitu hiyohiyo ya Kiso ndiyo inayotoa hinoki ya kujengea upya hekalu la Ise kila baada ya miaka 20; mara ya mwisho ilikuwa 2013, na ijayo ni 2033. Msitu unaoteuliwa kwa kazi hiyo unaitwa misomayama. Ndani yake limo neno la kale, soma, msitu wa kukatia magogo, na mwisho wake ni yama. Mti wa kwanza hauangushwi kwa msumeno. Wakata magogo wanauingia kwa mashoka kutoka pande tatu mpaka matundu yakutane katikati, na gogo zima linabaki limesimama juu ya miguu mitatu myembamba unayoweza kuchungulia katikati yake. Kisha wanakata mguu mmoja, na mti unaangukia pale walipotaka. Ni mti mtakatifu kuliko yote, kwa ajili ya hekalu takatifu kuliko yote, na bado mahali pake hapaitwi mori. Panaitwa yama, kwa sababu pale watu wanachukua.

Shinrin nitalipitia haraka. Ni neno la ofisini, la sheria, la takwimu na la taarifa ya habari. Idara ya misitu ya serikali ilipobuni neno la matembezi ya kiafya msituni mwaka 1982, ilisema shinrin'yoku, kuoga msitu, kwa kufuata maneno yaliyokuwepo ya kuoga jua na kuoga bahari. Lina harufu ya wizara, na pengine ndiyo maana likaaminika. Upande wa pili, wauza nyumba na wenye shule za chekechea wanalipenda mori mpaka wamelichosha. Kila jengo lenye miti minne mlangoni lina mori kwenye jina lake. Mimi tangazo la nyumba siliamini, na kwenye kutafsiri matangazo ya namna hiyo naandika bustani bila kujuta. Na jukai, bahari ya miti, liachieni msitu unaotazamwa kutoka juu, kama Aokigahara, ulioota juu ya lava ya mlipuko wa Fuji wa mwaka 864.

Sasa kazi yetu sisi, maana wengi wenu mtakuwa mnatoka Kiswahili kwenda Kijapani, mkiongoza wageni au mkiandika ripoti.

Shamba la miti, kama lile la misindano la Sao Hill, Mufindi, halina tabu. Lugha yetu yenyewe imeshasema shamba. Andikeni jinkorin au shokurinchi, eneo lililopandwa miti, na mgeni ataelewa kabla hajaliona. Miombo ndiyo yenye balaa. Mkiandika mori, Mjapani anajenga kichwani giza, unyevu na majani yaliyofunga mbingu, halafu unamshusha Tabora kwenye miti yenye nafasi, nyasi hadi kiunoni na jua la utosi. Atadhani mmempeleka pasipo. Wajapani wenyewe walishalitatua hili hapahapa Tanzania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ambao tangu 1965 Nishida Toshisada alipoanza kazi yake Mahale wamekuwa wakifuatilia sokwe mtu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huita miombo sokairin, 疎開林, miti iliyoachiana nafasi. Kwa mgeni wa kawaida neno hilo ni gumu, na sokai peke yake linamkumbusha watoto waliohamishwa kutoka mijini wakati wa vita. Kwake semeni miombo no hayashi, na muongeze sentensi moja kuhusu mwanga.

Mikoko ya delta ya Rufiji: kwenye ripoti ni mangurobu-rin, kwenye kipeperushi cha watalii mangurobu no mori inapita bila shida, kwa kuwa hata wao wana mikoko yao kisiwani Iriomote na wanaiita hivyohivyo. Pori lenye nyasi na miti ya hapa na pale lisiingie kabisa kwenye familia hii. Hilo ni sogen au sabanna.

Zimebaki kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya. Kwenye orodha ya UNESCO, zilikoingia mwaka 2008, Kijapani rasmi kimetumia shinrin, na kwenye jina rasmi msilibadilishe. Lakini ukiwa umesimama Kaya Kinondo na wageni wako, kila mtu kajifunga kitambaa cheusi kiunoni, mzee wa kaya ameshawaonya wasiondoke hata na kijiti, usiseme shinrin. Wala usiseme chinju no mori, kwa sababu chinju ni miungu ya Kishinto na hawa wana mizimu yao na historia yao. Sema kaya no mori. Mjapani aliyekulia kijijini atapunguza sauti mwenyewe, bila kuambiwa.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Kuna dada pale nyuma amenyosha mkono tangu nilipotaja mianzi. Naomba apewe kipaza sauti kwanza.